Diski za upepo mbele kwenye Land Rover 90 ya zamani, nimezifunga na haya ndiyo maoni yangu

Kwa mwenye haraka: hii seti (diski zenye nafasi ya hewa katikati, kalipa zake na pedi) inatibu joto, haitibu uzembe. Yaani kama breki zako ni mbovu kwa sababu busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki, imekufa au hozi zimeoza, hata ufunge diski za ndege bado utakanyaga pedali huku unasali. Ila kama breki zako ni nzima na tatizo ni kwamba ukiteremka mlima mrefu na mzigo zinachoka, pedali inakuwa kama ya mbao, gari linanuka pedi zilizoungua, basi hii ndo dawa yenyewe na ningeinunua tena kesho.

Gari ni Land Rover 90 zile za mwanzo kabisa, kabla hata hazijaanza kuitwa Defender. 110 ilianza 1983, 90 ikafuata 1984, jina la Defender lilikuja 1990. Mbele ina diski za bamba moja, nyuma ina dramu, zile breki za ngoma. Na tuwe wakweli, kwa wakati wake ile ilikuwa hatua kubwa sana maana Series III iliyotangulia ilikuwa dramu magurudumu yote manne, na aliyewahi kuendesha Series III kwenye mvua anajua ninachosema. Tatizo ni kwamba gari la miaka ile lilitengenezwa kwa injini isiyo na haraka na tairi nyembamba, sisi huku tumeshaweka injini ya turbo, tairi kubwa, bampa la chuma, winchi, rack juu, madumu ya maji, halafu tunashangaa breki hazitoshi.

Sasa diski zenyewe. Za zamani zina kipenyo cha milimita 298 na unene kama wa milimita 14, bamba moja la chuma basi. Za upepo ni kipenyo kilekile 298 ila unene milimita 24, maana ni mabamba mawili yameunganishwa na mapezi katikati, gurudumu likizunguka hewa inaingia kwa ndani karibu na habu (kitovu cha gurudumu) inatokea pembeni inabeba joto. Ndizo Land Rover wenyewe walizokuja kuweka mbele kwenye 110. Kwa hiyo hatuzungumzii kitu cha kubuni, unachukua spea za kaka mkubwa unamvalisha mdogo, habu inazipokea bila kuchonga, na boliti zinaingia palepale. Kinachobadilika ni kalipa, yaani kile kinachobana pedi kwenye diski, lazima iwe pana zaidi ili diski nene ipite katikati. Bado ni kalipa ya pistoni nne kama ya zamani, mbili kila upande.

Hapo kwenye unene ndipo watu wengi wanajidanganya. Nguvu ya breki kushika gurudumu inatokana na vitu vinne: msukumo wa mafuta ya breki, ukubwa wa pistoni, pedi inavyong'ata, na umbali wa pedi kutoka katikati ya gurudumu. Unene wa diski haumo. Kwa hiyo ukitoka gereji na diski mpya za upepo ukakanyaga breki mara moja kwenye lami tambarare ukitegemea uso ugonge kioo, utarudi kumlaumu fundi bure. Gari likiwa limepoa linasimama karibu sawasawa na diski za zamani zikiwa nzima, na kama utahisi tofauti ujue nyingi imetoka kwenye pedi mpya na kalipa ambazo pistoni zake hazijakwama, sio kwenye yale mapezi.

Faida inakuja kwenye mteremko. Chukua hesabu ndogo tu: gari likishuka mita 500 za mwinuko, nishati ambayo lazima ipotee mahali fulani ni sawa na kulisimamisha gari hilohilo kutoka spidi 80 mpaka sifuri kama mara 20 hivi, mfululizo, bila kupumzika. Uzito wa gari hauingii kwenye huo uwiano, uwe umebeba saruji au uko peke yako ni mara 20 tu, ila ukiwa na mzigo kila mara moja ni nzito zaidi. Upepo na injini vinachukua sehemu yake, na ndiyo maana kushuka na gia ndogo sio ushamba, kinachobaki chote kinakwenda kwenye diski na pedi kama joto. Na kwa kuwa ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, za mbele ndo zinabeba mzigo mkubwa. Chuma cha milimita 14 kinajaa joto haraka na kinapoa taratibu, hakuna uchawi hapo.

Kuna na suala la tairi ambalo watu hawalihesabu. 90 za mwanzo zilikuwa zinakuja na 205R16, wengi wetu tumeweka 235/85R16. Tairi kubwa inaipa barabara mkono mrefu wa kushindana na breki. Kwa mabadiliko hayo tu unapoteza kama asilimia 8 ya nguvu ya breki pale tairi inapogusa ardhi, kwa kukanyaga kulekule. Ukienda mpaka inchi 33 unapoteza kama asilimia 12. Na diski za upepo hazirudishi hiyo asilimia, narudia tena, hazirudishi, hiyo utaitafuta kwenye pedi zenye mng'ato mkali zaidi au kwenye diski kubwa zaidi.

Kabla hujatoa hela fanya hivi kwanza, na hapa ntakaa kidogo maana nimeona magari mengi yanafungwa vitu vipya juu ya ugonjwa wa zamani. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyohivyo na mguu, washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo yenyewe. Isipozama busta haipati vakyum (mfyonzo wa hewa unaoiendesha) au imepasuka diaframu. Injini za dizeli hazina vakyum ya kuiba kwenye manifoldi kama petroli, zina pampu yake ya vakyum, na pampu ikichoka pedali inakuwa ngumu muda wote, mtu anasema breki mbovu kumbe pampu. Hozi ya vakyum nayo na ile valvu yake ya kutorudisha hewa, vitu vidogo hivyo lakini vinasumbua.

Halafu inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza angalia beringi. Beringi ikilegea diski inayumba inazisukuma pedi kurudi ndani, safari inayofuata ukikanyaga pedali inazama kwanza kabla haijashika, unapampu mara ya pili ndo inakuja. Watu wanaita hiyo upepo kwenye breki, yaani hewa ndani ya mafuta, wanatoa upepo wee, haiishi. Angalia pia lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu, swivo, kama linavuja. Sili ya habu nayo ikivuja oili au grisi inafika kwenye diski, na pedi ikishanyonya oili ni ya kutupa, usidanganywe na mtu wa kuichoma moto ati ikauke.

Hozi za mpira nazo. Zinaweza kuonekana nzuri nje kumbe ndani zimevimba, mafuta yanaenda ukikanyaga lakini hayarudi haraka ukiachia, breki inabaki inashika na gurudumu linachemka. Na mafuta ya breki yenyewe: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yanakunywa unyevu kutoka hewani, na yakishakunywa maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. DOT 3 iko chini zaidi, 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa imelowa. Sasa mtu ana mafuta ya miaka sita kwenye paipu, meusi kama kahawa, anashuka mlima yanachemka, yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa mafuta hayabanwi, pedali inagusa sakafu. Huyo hakuhitaji diski za upepo, alihitaji chupa mbili za DOT 4. Ukishafanya yote haya na bado breki zinachoka mteremkoni, sasa njoo kwenye seti.

Nilichopata kwenye boksi: diski mbili, kalipa mbili mpya, pedi, pini na springi za kushikilia pedi, boliti. Diski zilikuwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, hiyo lazima uisafishe kwa brake cleaner mpaka kitambaa kitoke cheupe, ukiiacha pedi zinaanza maisha zikiwa zimelewa. Nikaangalia mapezi katikati, yamepangika vizuri, mabamba mawili yana unene sawa pande zote. Sio jambo dogo hilo. Kwenye diski za bei ya kutupa unaweza kukuta bamba la nje nene na la ndani jembamba, jicho tu linaona, na hizo zikipata joto zinajikunja. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa pembeni ya diski kwa namba ndogo, usome na uandike mahali kabla kutu haijaula.

Kalipa zilikuja na pistoni za stainless, na hii kwangu ndo sehemu bora ya seti nzima kuliko hata diski. Za zamani zilikuwa na pistoni za chuma kilichopakwa kromu, kromu ikishabanduka pembeni maji na tope vinaingia, kutu inakula, pistoni inakwama. Nilipotoa kalipa ya kushoto pedi moja ilikuwa imeliwa mpaka inakaribia bati na mwenzake wa upande wa pili nzima kabisa, maana pistoni mbili za upande mmoja zilikuwa hazitembei. Kama ndo hali yako basi kalipa yoyote nzima itakupa furaha, hata ya diski ileile ya zamani, uzingatie hilo kabla hujahesabu hela.

Kufunga sio kazi ya saa moja. Kwenye magari mengi ya kisasa diski unaivuta tu inatoka, hapa diski imefungwa nyuma ya habu kwa boliti, kwa hiyo habu nzima inatoka. Kalipa kwanza, itoe uitundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye hozi. Boliti nyingi za kalipa kwenye haya magari zina kichwa cha pembe 12, soketi ya pembe 6 haiingii, na usijaribu na spana ya mdomo wazi. Halafu kifuniko cha vumbi, saklipu (klipu ya duara), flenji (sahani inayounganisha ekseli na habu) yenye boliti tano, kisha unanyoosha kile kibati cha kufungia nati, nati mbili kubwa za milimita 52. Kuna watu wanazipiga kwa patasi na nyundo, nimeziona nati zimejaa makovu kama zimetoka vitani, jamani soketi yake ipo na haina gharama ya kutisha.

Habu ikishatoka ndo unakutana na boliti za diski ambazo hazijaguswa tangu gari liko dukani. Zipulizie penetrating oil jana yake, sio dakika tano kabla. Fundi wangu alikuwa hana haraka, akapasha moto kidogo, akasema "mkubwa, hizi ukizilazimisha zinakatika, ziache zikubali zenyewe", na kweli zikakubali zote isipokuwa moja iliyobidi itobolewe. Ilikula muda kuliko upande mzima wa pili.

Kabla ya kuweka diski mpya uso wa habu unasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Punje ya kutu pale chini ikiinua diski kidogo tu, pembeni kabisa inakuwa imeyumba mara mbili tatu ya hapo, na usukani utakutetemekea ukikanyaga breki utadhani diski zimepinda. Weka dayo geji (saa ya kupimia kuyumba), zungusha, kuyumba kusizidi milimita 0.15. Boliti za diski zinakazwa Newton mita 73 na gundi ya kufungia nyuzi, za kalipa 82, za flenji 65. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, sio kwa mkono wa jirani mwenye misuli. Oili sili mpya za habu ni lazima, na beringi kama zina madoa ya bluu au vishimo badilisha hapohapo maana hutotaka kuifungua tena kazi hii kwa ajili ya beringi.

Vitu viwili vilileta ubishi. Kile kibati cha kukinga vumbi nyuma ya diski, kwa kuwa diski ni nene zaidi kilikuwa karibu sana kinagusa, kikakunjwa kidogo na sehemu moja ikakatwa. Na paipu ngumu fupi inayoingia kwenye kalipa ilibidi ikunjwe upya kwa taratibu ikae vizuri, maana kalipa ni pana na tundu limesogea. Na ukiwa unanunua, hesabu matundu ya paipu: Range Rover za zamani na baadhi ya kalipa za familia hii zina njia mbili za mafuta kwa kila kalipa moja, gari lako kama lina hozi moja kila upande kalipa hizo zitakupa kazi ambayo hukuiomba.

Kutoa upepo. Kalipa ina kushoto na kulia, na nipeli ya kutolea upepo lazima iwe juu. Zikibadilishana pande zinaingia vizuri kabisa, boliti zinakubali, ila nipeli inakuwa chini na upepo unabaki umekaa juu ya kalipa milele, unaweza kumaliza lita mbili za mafuta pedali bado ni sponji. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya mafuta inayosukumwa na pedali) uje karibu, chupa ya mafuta isikauke hata mara moja. DOT 5 ile ya silikoni usichanganye na hizi kabisa, DOT 5.1 ni kitu kingine inachanganyika na DOT 4, majina yao yamewapotosha wengi.

Masta silinda ilibaki ileile. Pedali iko mahali pake, haijazama. Ukienda kwenye kalipa zenye pistoni kubwa zaidi hapo ndo masta ya zamani inalazimika kusukuma mafuta mengi na pedali inakuwa ndefu, na breki ya mbele inaweza kuzidi nyuma mpaka tairi za mbele zinajifunga mapema kwenye changarawe. Hii seti kwenye gari langu haikuleta hilo.

Pedi zilizokuja na seti ndo lalamiko langu kubwa. Zilipiga kelele. Sio ile filimbi ya asubuhi inayoisha, hapana, kelele ya kila kona, mpaka watu wanageuka. Nilizifuata taratibu zote za kuzizoesha, yaani unakimbia spidi 60 hivi unakanyaga kwa wastani mpaka 15 bila kusimama kabisa, unarudia mara kumi hivi huku unaziacha zipumue katikati, halafu unaendesha bila kugusa breki zipoe. Grisi ya breki nyuma ya bati la pedi niliweka. Kelele ileile. Nikazitoa nikaweka pedi nyingine za nusu metali, kelele ikaisha siku hiyohiyo na mng'ato ukaongezeka hata breki zikiwa za baridi. Kwa hiyo ushauri wangu nunua diski na kalipa, pedi jichagulie mwenyewe. Na kwa wanaofungua breki za miaka ya nyuma, vumbi la pedi za zamani usilipulize kwa kompresa, pedi za enzi zile zinaweza kuwa na asbesto, lowesha na ufute.

Sasa mteremkoni. Kuna mlima ninaoujua kona kwa kona, na zamani nilikuwa najua kabisa kona ipi breki zitaanza kunuka na ipi pedali itaanza kuomba mguu mzito. Nimeushuka na mzigo kamili, gia ya tatu, na kwa makusudi nimekanyaga zaidi ya ninavyokanyaga siku zote. Chini kabisa pedali ilikuwa palepale ilipokuwa juu. Harufu ilikuwepo kidogo mara ya kwanza, pedi mpya hizo, baadaye hakuna. Nikasimama nikashika rimu, moto ndio, ila sio ule wa kuchoma. Na kilichonishangaza zaidi ni jinsi zinavyopoa, unatembea tambarare kidogo tu zimerudi. Zamani nikifika chini nilikuwa nasimama kivulini nijifanye napiga picha kumbe nasubiri breki.

Kwenye maji na tope? Hakuna miujiza. Baada ya kuvuka maji kukanyaga kwa kwanza bado kuna ule ukimya wa sekunde moja kabla hazijashika, kama diski yoyote. Tope likikaukia kwenye mapezi katikati gurudumu linatetemeka mpaka ulitoe kwa maji ya presha, hili diski za bamba moja hazikuwa nalo. Vijiwe vidogo navyo vinajibana pale. Sio kitu cha kukuzuia kununua ila ujue kipo. Uzito nao umeongezeka kwenye magurudumu, kwenye gari kama hili hutouhisi.

Kuhusu rimu, za chuma za inchi 16 zangu zimeingia bila kugusa kalipa. Rimu za aloi zenye mbavu nene au za inchi 15 jaribu kwanza, ingiza gurudumu kwa mkono ulizungushe mzunguko mzima kabla hujashusha jeki.

Wameniuliza kwa nini sikuweka zenye vitobo au mikato. Vitobo kwenye diski ya gari la porini sivipendi, joto na baridi vikipishana nyufa zinaanzia palepale kwenye tobo, na changarawe zinakaa humo zinasugua pedi. Mikato haina shida sana ila inakula pedi haraka. Diski ya kawaida yenye mapezi yaliyonyooka inafunga upande wowote. Zile za mapezi yaliyopinda zina kushoto na kulia, ukizigeuza hewa haitoki inavyotakiwa.

Na zile seti kubwa kabisa? Zipo. Land Rover wenyewe walipotoa Defender Works V8 mwaka 2018 yenye nguvu ya farasi 405 waliweka diski za mbele za milimita 335, lakini ile gari ilikuja na rimu za inchi 18. Ukitaka diski hizo uage rimu za 16 na tairi zake ndefu, na kwa mtu anayelala porini anayetaka tairi inayopatikana popote mimi naona hapana. Kama umeweka V8 na unakimbia lami, hesabu zako ni tofauti na zangu.

Alama zangu: diski 9 kwa 10, kalipa 9, pedi za kwenye boksi 3. Urahisi wa kufunga 5, ukiwa na soketi sahihi na fundi mwenye subira.

Asiyeihitaji ni mwenye 90 nyepesi ya mjini, tairi za kawaida, hapandi milima. Huyo abadilishe diski za bamba moja mpya, pedi nzuri, hozi, mafuta, kalipa azifumue aweke sili mpya, atapata breki ambazo gari lilikuwa nazo siku limetoka kiwandani, na wengi hatujawahi kuzionja hizo. Mwenye kuvuta trela, mwenye rack iliyojaa, mwenye injini iliyoongezwa nguvu, anayeishi kwenye milima, huyo afunge.

Nyuma nimeacha dramu kwa sasa. Nilizifungua tu kuona silinda hazivuji, nikasafisha, nikakaza adjasta (skrubu za kurekebisha) mpaka shuu (vile vya ndani vinavyosugua) ziguse dramu kisha nikarudisha kidogo, na hiyo peke yake ilipandisha pedali kwa kiasi cha kuhisiwa na mguu. Adjasta za upande wa kulia zilikuwa zimegandana na kutu, kwa hiyo kama unapanga kazi hii agiza na hizo mapema, maana utazikuta tu. Na ukishaendesha kama wiki hivi rudi chini na spana ya toki upitie boliti za kalipa na za flenji tena, mimi moja ya flenji ilikubali robo mzunguko.